Posho ya Shahidi

Mwaka jana, kwa muda wa siku kumi na mbili, kichwa cha samaki nyumbani kwetu kilikuwa cha shahidi. Tumbo la samaki lenye mafuta lilikuwa la shahidi. Mimi nilipewa mkia, na mama alikuwa akisema ameshakula jikoni, maneno ambayo hata paka wetu hakuyaamini, maana yeye paka ndiye aliyekuwa jikoni.

Nieleze kwanza kesi, asije mtu akadhani tulikuwa tumefungua mkahawa.

Nyumba tunayokaa mama alipewa na babake siku alipoolewa. Ndivyo ilivyo kwetu Amu: binti akiolewa hupewa nyumba, na mume ndiye anayehamia. Vijana wa kiume hujitafutia. Babu alijenga ghorofa ya juu kwa ajili ya harusi ile, akampa bintiye, halafu yeye na bibi wakaendelea kukaa chini hadi walipofariki. Hakuandika kitu. Aandike nini, na mtaa mzima ulijua? Lakini mtaa mzima huzeeka, na mtaa mzima hufa. Babu akafa, baba yangu akafa, na mwaka juzi bibi naye akatangulia. Arubaini yake haikuwa imesahaulika vizuri mjomba, ndugu wa pekee wa mama, alipokuja akakaa ukumbini kwetu, akanywa kahawa vikombe viwili, akasema nyumba ni urithi.

"Tuiuze, dada. Tugawane kama Mungu alivyosema. Mafungu mawili yangu, moja lako."

"Mungu alisema hivyo juu ya mali ya maiti," mama akamjibu. "Hii baba alinipa yu hai."

"Nani aliyeona?"

"Wewe uliona."

Mjomba akageuza kikombe kitupu. "Mimi sikumbuki."

"Na mimi na mwanangu tukae wapi?"

"Wiyoni kuna viwanja."

Wiyoni mimi huwa nakwenda kuwinda kenge na wenzangu. Napapenda sana. Lakini kuwinda kenge ni jambo moja, na kuwa jirani yake ni jingine. Mjomba alipoondoka nilimwambia mama hivyo, nikitegemea acheke. Hakucheka. Alikuwa akiutazama ukuta, pale kwenye zidaka, vile vishubaka vya chokaa alivyopangia sahani zake za harusi, kana kwamba vimeanza kuondoka kimoja kimoja.

Basi tukaingia kortini, na hapo ndipo nilipojua kwamba kesi ina kinywa.

Kwanza alikula mwandishi wa barua, yule anayekaa na meza yake karibu na forodha. Huyu hutoza kwa ukurasa, kwa hiyo herufi zake ni kubwa kama ngamia wa Hija. Nilimwambia mama nitaandika mimi bure, shuleni hati yangu husifiwa. Mama akasema hati yangu anaijua, na yale niliyoyaandika juu ya mwalimu kwenye ukuta wa choo pia anayajua. Akamlipa mwandishi. Halafu ikala korti yenyewe, ada na stempu zake. Kadhi akamwambia mama kwamba hiba, yaani mali mtu aliyotoa akiwa hai, hutaka mashahidi wawili, au shahidi mmoja mwadilifu pamoja na kiapo chake yeye anayedai. Wazee waliokuwapo siku ile walikuwa wamekwisha, isipokuwa mmoja, mwashi aliyeijenga ile ghorofa, naye alikuwa amehamia Kiunga, karibu na mpaka wa Somalia, kwa binti yake. Kwa hiyo tukalipia tarishi wa korti apeleke wito Kiunga, kwenda na kurudi. Tukalipia nauli ya mwashi, kuja na kurudi. Na kila siku atakayokaa mjini akingoja kuitwa, posho yake, yaani kula na kulala, ni juu ya aliyemwita.

Siku ya kumlipa tarishi mama alirudi kutoka dukani bila majasi masikioni. Majasi yake ni ya dhahabu, makubwa, ya mamake bibi. Kaweka rehani. Masikio ya mwanamke wa kwetu yakiwa hayana kitu, matundu yake yanakutazama. Nilitafuta la kuchekesha la kumwambia. Sikulipata.

Mjomba yeye alilipa kwa minazi. Aliajiri wakili kutoka Mombasa, bwana wa koti na kalamu mbili mfukoni, kwa mapatano kwamba nazi zote za shamba la mjomba upande wa Mokowe, misimu miwili, ni za wakili, ashinde asishinde. Mama hakuwa na wakili. Mwanamke wa kwetu akiwa na shauri, wa kumsemea ni nduguye wa kiume, na nduguye ndiye huyo aliyekuwa akikabidhi madafu.

Mwashi akafika Jumatatu. Mfupi, mkavu, mikono imeliwa na chokaa hadi kucha zimekuwa nyeupe. Aliingia kwa salamu nzuri, halafu, kabla hajaketi, akauendea ukuta, akaupiga kwa kifundo cha kidole. Ko, ko, ko. Akaweka sikio.

"Hapa mtanga umezidi chokaa," alisema. "Mtoto aliyenichanganyia alikuwa mvivu."

Kisha akamgeukia mama aliyesimama nyuma ya pazia. "Bi, tuelewane yeo. Mimi sikuja kwa ajili yako wala kwa ajili ya nduguyo. Nimeitwa na Kadhi."

"Najua, Bwana Mwashi. Karibu chakula."

Mwandishi wa barua alikuwa amemwonya mama. "Bi, usimlishe sana. Shahidi akinenepa, wakili huuliza." Mama akamjibu kwamba nyumba hii haijapata kumlaza mgeni na njaa, na haitaanzia kwa mtu aliyeijenga. Tena si kumlisha tu. Alimlisha kama bwana harusi. Nadhani aliona haya kwamba tumekuwa maskini, na haya ya mama hupikwa kwa nazi nyingi.

Korti ilikuwa iwe Alhamisi. Siku tatu, nikajisemea, nitalala kwenye mkeka siku tatu, mzee alale kitandani mwangu, hainipunguzii kitu. Alfajiri aliniamsha kwa ncha ya fimbo kwenye mbavu. "Ndoo, kijana, ndoo twende. Sala haingoji." Akirudi msikitini anataka chai ya tangawizi. Akishiba anazunguka nyumba nzima akipiga kuta, ko, ko, ko, akizilaumu. Shavu la samaki alilitoa kwa kidole kimoja, taratibu, mato yamefumba, nami nikimtazama nikiwa na mkia wangu.

Alhamisi asubuhi tarishi akabisha: Kadhi ameitwa Faza kwa shauri la mirathi, kesi imesogezwa hadi Alhamisi ijayo.

Mama alishukuru, akafunga mlango, akaenda kupima mtele. Alipima kibaba, akarudisha konzi moja ndani ya gunia, akafikiri, akarudisha na nyingine. Lakini sahani ya mgeni ilipotoka ilikuwa vile vile, imejaa. Yetu ndiyo iliyojua habari za Faza.

Alhamisi ya pili tarishi tena. Wakili wa Mombasa anaumwa tumbo. Alhamisi ijayo.

"Tumbo la nini?" nilimuuliza mama. "La nazi?"

"Nyamaza."

"Mama, wanatungoja tuishiwe."

Akafunga mdomo wa gunia, na ndipo nilipojua kwamba hilo alikwisha kuliwaza, tena kabla yangu. Mwashi alisema akiwa ukumbini, kwa sauti ya kusikika jikoni, kwamba chombo cha Kiunga huondoka kila Jumanne, na kwamba Kadhi akimwahirisha mara ya tatu, wallahi atarudi kwao, mwenye kutaka ushahidi aje amfuate na kuta zake. Mama akapiga hesabu ya siku kwa vidole. Kiwango cha gunia nilikiona mwenyewe. Palikuwa na mchele wa siku nne, na kesi ilikuwa mbali siku saba.

Kesho yake, Ijumaa, baada ya sala, tulikaa vijana watano kwenye baraza yetu nje. Mmoja wao alikuwa mtoto wa mjomba, tunakaa naye dawati moja. Wazee wakigombana, sisi tulikuwa bado tunaazimana kalamu. Nilikuwa na njaa. Siitoi kama udhuru, nasema tu ilivyokuwa. Mmoja akaniuliza, "Je, mgeni wenu?"

Nikashuka barazani. Nikaokota kijiti cha mnazi kikawa fimbo. Nikapinda mgongo, nikavuta midomo ndani kama mtu asiye na meno, nikauendea ukuta wetu wenyewe. Ko, ko, ko. Nikaweka sikio. Walikuwa wameshaanza kushika mbavu. Nami nilipoona wanacheka, nikaongeza. Huo ndio ugonjwa wangu.

"Bi!" nikaita kwa sauti ya mzee. "Ukinipa kichwa cha samaki, nakumbuka. Ukinipa mkia, nasahau!"

Walianguka. Mmoja alilia kabisa. Nikageuka kupokea sifa, nikaona wamenyamaza wote pamoja kama taa iliyozimwa. Walikuwa wakitazama nyuma yangu, kwenye daka, ukumbi mdogo wa mlango wetu. Mwashi alikuwa amesimama pale na kanzu yake ya Ijumaa.

Akaingia ndani, akatoka na kifurushi chake, akapita kati yetu. Aliposhuka ngazi alishika ukuta kidogo kwa kiganja, akaenda zake kuelekea msikitini.

Binamu yangu naye aliondoka. Hakuniaga. Alikwenda haraka haraka, na njia aliyoshika ni ya kwao.

Nilingoja kupigwa. Ningefurahi kupigwa. Mama aliniita jikoni, akaniambia nikae, akanieleza kwa sauti ya chini kama anayenifundisha kusafisha samaki.

"Shahidi anayesemwa kwamba amenunuliwa, Kadhi humwacha. Unajua hilo?"

"Sikujua."

"Sasa umejua. Na aliyesema ni nani? Si mjomba wako. Si wakili. Ni mwana wa nyumba." Alifunika chungu. "Mpelekee mgeni chakula chake."

Nilimkuta kwenye kibaraza cha msikiti. Nikaweka sahani. Nikasema, "Bwana Mwashi, nisamehe, ulikuwa mzaha." Akaisukuma sahani kwa ncha ya fimbo, taratibu, isimwagike. "Rudi nayo."

Jumamosi nilipeleka tena. Akarudisha. Nilimkuta amejifunga kikoi, yumo ndani ya birika la msikiti, lile tangi la kutawadhia, lililokaushwa, anaziba nyufa kwa chokaa. Watu wa msikiti walikuwa wamemwona hana kazi, wakampa kazi. Na kwa kazi ile wakampa mkate na tende, basi. Mzee aliyekuwa akitoa shavu la samaki kwa kidole sasa alikuwa akilowesha mkate mkavu kwenye maji. Nilirudi na sahani yetu. Mama aliifunua, akaona haikuguswa, akaifunika. Hakutaka tuile. Tuliila siku ya pili asubuhi, kila mtu ameelekea upande wake.

Na siku hiyo hiyo ya Jumamosi, nikiwa njiani, nilipishana na binamu yangu kwenye kichochoro chembamba, mmoja wetu ilibidi ajibanze ukutani. Alikuwa na sinia kichwani, limefunikwa kawa. Harufu ilikuwa ya pilau. Ilikuwa ikielekea msikitini.

"Mnapeleka nini?" nikamuuliza.

"Mbona wewe unapeleka?"

Nilibaki pale ukutani. Nilielewa hesabu yote. Wametuona tumeachana na shahidi wetu, nao wanamwokota. Jumatatu sinia likapita tena. Sikumwambia mama. Nilijiambia namwonea huruma, lakini kweli yenyewe ni kwamba niliogopa uso wake.

Jumanne nikatoroka shule. Chombo cha Kiunga kilikuwa kikipakia gatini, magunia ya unga, mafuta ya taa, kuku wawili waliofungwa miguu. Nilikaa juu ya gunia, nikawa nawahesabu abiria. Mwanamke mmoja na mtoto. Wavuvi watatu. Mtu mwenye baiskeli isiyo na magurudumu. Kisha nikamwona mwashi anakuja na fimbo yake, na moyo wangu ukanishuka hadi kwenye kandambili. Akafika kando ya maji. Akamwita nahodha. Nikasimama, nikamkimbilia, nikamshika kanzu mbele za watu.

"Bwana Mwashi, usiende. Nakuomba. Mama yangu atatolewa nyumbani. Nipige hapa hapa, nichape kwa hiyo fimbo, lakini usiende."

Akautazama mkono wangu hadi nikauondoa. Akampa nahodha kipande cha karatasi, salamu za kumpelekea binti yake. Halafu akageuka akarudi mjini, na mimi nikimfuata nyuma kama mbuzi asiyejua kama anapelekwa malishoni au kwa mchinjaji.

Alhamisi ikafika na haikuahirishwa.

Korti ya Kadhi ni chumba cha juu, chenye meza moja na mikeka. Kadhi mezani, karani pembeni yake, wanaume mikekani, na wanawake nyuma ya pazia la mlango, husikika sauti zao tu. Mjomba alikaa na wakili wake. Binamu yangu alikuwa nyuma yao. Sikujua kama mwashi atakuja kutuunga mkono au kutuzika. Alikuja, akakaa katikati, mbali na kila mtu, kanzu yake ina alama za chokaa.

Wakili alisimama na kalamu zake mbili. Hakuuliza habari za nyumba hata kidogo.

"Bwana Mwashi, tangu ufike Amu umelala wapi?"

"Kwa huyu Bi, siku kumi na mbili. Kisha msikitini."

"Kwa huyu Bi ulikula nini?"

"Wali. Samaki. Mkate wa mofa. Siku moja alinipa ndizi mbivu, zikanikataa."

Watu wakacheka. Wakili naye akatabasamu, kwa sababu alikuwa anajua anakokwenda.

"Sehemu gani ya samaki?"

"Kichwa."

"Kila siku?"

"Kila siku iliyokuwa na samaki."

"Bwana Kadhi," wakili akasema, "katika nyumba hiyo kichwa cha samaki kina bei. Si mimi nisemaye. Mwana wa mwenye kesi alisema mbele ya vijana wanne barazani kwao, na mmoja wa waliosikia yumo humu." Akatoa karatasi, akalisoma neno langu lote, kichwa na mkia, kwa sauti kavu kama anasoma bei za kopra. Siku zote nilikuwa nikitaka maneno yangu yasomwe kortini. Sikutaka hivyo.

"Mwana yuko wapi?" Kadhi akauliza.

Nikasimama.

"Ulisema?"

"Nilisema, Bwana Kadhi."

"Ulivyosema, onyesha."

Nilidhani nimesikia vibaya. Karani akanipa fimbo yake. Basi nikapinda mgongo, katika chumba kile, mbele ya mwenyewe. Nikavuta midomo. Nikauendea ukuta wa korti. Ko, ko, ko. Nikasema maneno. Hakuna aliyecheka isipokuwa mtu mmoja nyuma, naye akageuza kicheko kuwa kikohozi.

"Ulimsikia mzee huyu akisema hivyo?"

"Hapana. Nilitunga."

"Kwa nini?"

Nilikuwa na uongo mzuri wa namna mbili tatu. Haukutoka hata mmoja. "Kwa sababu mimi nilikuwa nakula mkia, Bwana Kadhi."

Hapo walicheka, Kadhi alipitisha mkono kwenye ndevu, na wakili akasema, "Basi kichwa kilikuwa cha ushahidi. Sina zaidi."

Mwashi akapiga fimbo chini mara moja.

"Na mimi niulizwe. Bwana Kadhi, yale maneno niliyasikia kwa masikio yangu, na siku ile ile nilitoka katika nyumba ile. Tangu hapo sikula chao. Nimeziba birika la msikiti, nimekula mkate wa mkono wangu. Huyu kijana alileta sahani, nikarudisha. Akaleta, nikarudisha. Na lile sinia la pilau lililotoka kwa yule bwana," akamwelekezea mjomba fimbo, "Jumamosi, na tena Jumatatu, nalo nililirudisha. Lilikuwa na zabibu. Muulizeni aliyelibeba."

Kila kichwa kikageuka. Binamu yangu alikuwa anatazama ukindu wa mkeka kana kwamba umeandikwa mtihani.

Kadhi akamuuliza mjomba, "Sinia la pilau?"

"Mgeni wa mji, Bwana Kadhi," mjomba akasema. Kofia yake ilikuwa imelowa pembeni kwa jasho. "Analala msikitini. Nilimpelekea chakula. Ni ada yetu."

"Ni ada yetu," Kadhi akarudia. "Na dada yako ndiyo ada aliyoifuata. Kaa, bwana wakili. Mzee, sema ulichokiitiwa."

Akasema kwa maneno machache, kama anayepima chokaa. Alikuwa juu, anamaliza kidaka cha mwisho cha chumba cha bibi harusi. Babu akapanda na binti yake na ufunguo. Akamtia ufunguo mkononi, akasema: nyumba hii nimekupa, na kuanzia leo mimi na mamako tunakaa kwa idhini yako. Binti akaupokea, akaushika. Mwashi akasema amin kwa sababu hakuna mwingine aliyesema.

"Hakukuwa na mtu mwingine?"

"Palikuwa na kijana akinichotea maji na kunichanganyia. Mvivu, mtanga alizidisha. Yule pale."

Fimbo ilikuwa imemwelekea mjomba, naye hakuinua uso. Wakili alimwinamia, akamnong'oneza, mjomba akatikisa kichwa, sikujua ni ndiyo au hapana.

Kadhi akasema shahidi mmoja amemkubali, kilichobaki ni kiapo. Msahafu ukapelekwa nyuma ya pazia. Tukangoja. Kwetu watu huacha haki zao njiani ili wasiape, wacha kuapa dhidi ya nduguyo wa tumbo moja. Tulingoja mpaka nikaanza kusikia nzi. Nikafikiri: hataapa. Atasema yaishe, atatandika mikeka yetu Wiyoni, na hatanilaumu hata siku moja, na hapo ndipo nitakapokoma.

"Ndugu yangu," sauti ya mama ikatoka. "Kabla sijaapa. Niape?"

Mjomba alitazama mikono yake. Hakusema apa, hakusema acha.

Mama akaapa. Wallahi, billahi, tallahi.

Hukumu ikawa nyumba ni ya mama, na kila mtu na gharama zake. Mjomba alishuka ngazi bila kuvaa viatu, amevishika mkononi.

Tulimfuata mwashi hadi nje. Mama alisimama mbali kidogo, ndani ya buibui lake. "Bwana Mwashi, sasa yamekwisha. Ndoo nyumbani ule."

"Hayajaisha, Bi. Nduguyo ana siku za rufaa. Nikila yeo, kesho wataniuliza ilikuwa sehemu gani ya samaki."

Jumanne akarudi kwao, na ndani ya kifurushi chake hamkuwa hata na tende zetu.

Siku za rufaa mama alizihesabu kwa kokwa za tende ndani ya bakuli. Kila tarishi alipopita mtaani tulinyamaza. Tulisikia wakili ametaka misimu mingine miwili ya nazi ndipo aandike, na mjomba amekaa Mokowe anaitazama minazi yake. Kokwa ya mwisho ikatolewa na hakuna aliyebisha. Majasi bado yako dukani hata leo ninapoandika. Mama anashona kofia ili ayakomboe, mimi namtilia uzi kwenye sindano, na binamu yangu amehamia dawati jingine.

Shule ilipofungwa kwa likizo, mama akanipa kikapu. Mikate ya mofa, visheti, na samaki mkavu aliyeungwa vizuri, mzima.

"Mama, napeleka samaki Kiunga, kwa wavuvi? Watanicheka hadi Somalia."

"Watakucheka. Nenda."

Nilimkuta nje ya nyumba ya binti yake, anaupiga ukuta mpya. Nikasalimu, nikaweka kikapu, nikasema siku za rufaa zimekwisha. Akafunua. Akamwangalia samaki kwa muda, akakivunja kichwa, akala shavu kwa kidole kimoja, mato yamefumba. Nilisimama. Alikula hadi akamaliza, akajifuta.

"Haya," akasema. "Nifanyie yule mzee."

"Mzee gani?"

"Yule wa barazani."

Nilirudi nyuma hatua moja. Lakini alikuwa anangoja, na alikuwa ameshika fimbo ananinyooshea. Nikaichukua. Nikapinda mgongo, nikavuta midomo, nikauendea ukuta wake. Ko, ko, ko. Nikaweka sikio.

Alinitazama kama anavyotazama ukuta.

"Fimbo," akasema, "mimi huishika mkono wa kushoto."